Kumbukumbu za Kikao cha Dharura Kuhusu Mama Blessing Kuachwa Uwanja wa Ndege

UMOJA WA WATU WA KISIWA CHA MULUMO WAISHIO MASUMBWE

Tarehe: Jumapili, 18 Agosti 2024
Mahali: Chumba cha nyuma, mgahawa wa Mama Rebeka, Masumbwe
Muda: Kiliitwa saa 8:00 mchana, kilianza saa 8:50

WALIOHUDHURIA
1. Kalisti Bujiku – Mwenyekiti
2. Eufrasia Mageni – Katibu
3. Serafina Ngusa – Mweka Hazina
4. Boaz Deusdedit – Mjumbe
5. Rebeka Lubango – Mjumbe
6. Bernadina Marcel (Mama Blessing) – Mjumbe, mfiwa
Pamoja na wajumbe wengine watano waliotia saini daftari la mahudhurio.

ASIYEHUDHURIA
Mjumbe mmoja, kwa taarifa. Yuko shimoni, kwenye machimbo ya dhahabu, zamu ya mchana.

KUMB. NA. 1/08/2024: KUFUNGUA KIKAO NA KUPITISHA AGENDA

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Aliomba kikao kiwe kifupi kwa kuwa fundi alikuwa anamsubiri kwenye karasha lake la kusaga mawe. Mjumbe Rebeka alisema fundi anaweza kusubiri.

Agenda ilikuwa moja. Mjumbe Boaz alipendekeza iandikwe "Changamoto za usafiri wa msiba". Mjumbe Rebeka alikataa, akasema iandikwe jinsi ilivyotokea, yaani Mama Blessing kuachwa uwanja wa ndege asimzike baba yake. Kura zilipigwa. Kura nane zilikwenda kwa Mjumbe Rebeka, mbili kwa Mjumbe Boaz. Mama Blessing hakunyoosha mkono upande wowote.

KUMB. NA. 2/08/2024: TAARIFA YA SAFARI

Katibu aliwasilisha taarifa. Saa na namba alizitoa kwenye daftari lake binafsi la kila siku.

Jumatano tarehe 31 Julai, Mzee Marcel, baba mzazi wa Mama Blessing, alifariki nyumbani kwake Mulumo. Kisiwani hakuna chumba cha kuhifadhi maiti, hivyo maziko yalipangwa Ijumaa saa nne asubuhi. Kivuko kilikuwa matengenezoni, na mitumbwi ya injini ilikuwa imezuiwa kutoka kwa sababu ya upepo. Kamati iliamua kukodi ndege ndogo kutoka uwanja unaohudumia visiwa, na kama desturi ya umoja, mfiwa alisindikizwa na wajumbe wanne: Mwenyekiti, Mweka Hazina, Mjumbe Boaz na Katibu.

Katibu ndiye aliyepiga simu kuagiza ndege. Aliambiwa ndege hiyo inabeba kilo 370 za watu na mizigo, na akatakiwa kutaja uzito wa kila abiria. Mwenyekiti alikuwa amekaa hapo hapo. Katibu alieleza kwamba aliona aibu kumuuliza mtu mzima, tena mwenyekiti wake, ana kilo ngapi. Alikadiria. Alimwandikia Mwenyekiti 75, Mweka Hazina 65, Mjumbe Boaz 70, Mama Blessing 55, yeye mwenyewe 60. Mizigo ilikuwa 45, ukiwemo mfuko wa sukari wa kilo 25 wa msiba. Jumla ikawa 370 kamili. Katibu alisema kwamba jumla ile ilimfurahisha, na hapo ndipo alipopaswa kushtuka.

Alhamisi saa 10:40 jioni walifika uwanjani. Ni chumba kimoja, benchi mbili, na mizani ya jukwaa kama ile ya kupimia pamba. Abiria walipandishwa mmoja mmoja na karani alisoma namba kwa sauti mbele ya watu wote. Mwenyekiti alikuwa na kilo 118, Mweka Hazina 81, Mjumbe Boaz 74, Katibu 63, Mama Blessing 54. Jumla ya watu peke yao ni 390.

Mizigo yote ilishushwa. Bado kilo 20 zilizidi. Rubani alisema mmoja abaki, tena waamue haraka, kwa sababu kiwanja cha Mulumo hakina taa na jua lilikuwa linaelekea kuzama. Safari ya pili haikuwepo. Kesho yake ndege ilikuwa imekodiwa na watu wengine.

Karani aliuliza nani anabaki. Kwa mujibu wa daftari la Katibu, kimya kilichukua kama dakika mbili. Mwenyekiti alisema salamu za rambirambi lazima zisomwe na mwenyekiti. Mweka Hazina alisema yeye ndiye mwenye bahasha ya mchango. Mjumbe Boaz alitoka nje kupokea simu. Katibu alifunga daftari lake. Ndipo Mama Blessing akasema, "Basi nitabaki mimi. Ninyi mna salamu za kusoma." Hakuna aliyemjibu. Alichukua begi lake akaenda kukaa kwenye benchi.

Baada ya hapo nafasi ya kilo 34 ilipatikana, na mfuko wa sukari ulirudishwa ndani ya ndege.

KUMB. NA. 3/08/2024: MJADALA WA TAARIFA

Mjumbe Rebeka aliomba sehemu ya mwisho isomwe tena. Ilisomwa. Alisema, "Kwa hiyo sukari ilikwenda." Mweka Hazina alieleza kwamba sukari ilikuwa imeshaahidiwa kwa wafiwa. Mjumbe Rebeka alimuuliza mfiwa ni nani.

Mwenyekiti alilalamika kwamba kosa lilikuwa la Katibu. Alisema hakuulizwa uzito wake, na kama angeulizwa angesema kweli. Mjumbe mmoja alisema angesema sabini na tano. Wajumbe walicheka, kisha wakaacha. Mjumbe Boaz, ambaye ni mnunuzi wa dhahabu, alisema sisi tumezoea kupima pointi na gramu, kupima mtu mzima kama gunia ni kumdhalilisha, na ndiyo maana kila mmoja alichanganyikiwa pale. Mjumbe Rebeka alimwambia hakuchanganyikiwa, maana daftari la Katibu linaonyesha simu aliyotoka kupokea haikulia.

Katibu alikiri kosa la makadirio. Aliomba pia iandikwe kwamba wakati wa kile kimya alikuwa ameshapiga hesabu kwenye daftari. Mwenyekiti angebaki, watu wengine wote wangepanda pamoja na mizigo yote. Mweka Hazina angebaki, au Mjumbe Boaz, au yeye Katibu, Mama Blessing angepanda vilevile. Mtu yeyote kati yao wanne alitosha kubaki. Aliiona hesabu hiyo, akafunga daftari.

Mwenyekiti alisema jambo moja lisisahaulike, kwamba hakuna aliyemlazimisha Mama Blessing. Alijitolea mwenyewe, kwa kinywa chake, na karani ni shahidi. Alirudia jambo hilo mara tatu. Wajumbe waliomba Mama Blessing aseme. Alijibu kwamba anasikiliza.

KUMB. NA. 4/08/2024: YALIYOTOKEA KISIWANI

Mjumbe Rebeka alihoji ni kwa nini ndugu wa Mulumo hawapokei simu za Mama Blessing tangu maziko. Mwenyekiti alisema mambo ya ndani ya familia hayahusu umoja. Katibu aliomba ruhusa ya kueleza. Mwenyekiti hakutoa ruhusa. Wajumbe walisema aeleze.

Katibu alieleza kwamba ndege ilipotua, ndugu walikuwa wamejipanga pembeni ya kiwanja wakimsubiri Mama Blessing. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, na kwao mtoto wa kwanza ndiye anayetangulia kumtupia baba udongo. Waliwahesabu wageni wakishuka. Shangazi yake, Bi. Juliana, dada wa marehemu, alichungulia ndani ya ndege, akaona sukari. Aliuliza Bernadina yuko wapi. Mwenyekiti alijibu, "Anakuja kesho asubuhi."

Katibu na wenzake walisikia na hawakusahihisha. Ijumaa watu walikaa kaburini kuanzia saa nne hadi saa sita na nusu wakimngoja. Mdogo wake ndiye aliyetangulia kutupa udongo. Bi. Juliana alisimama akasema mbele ya waombolezaji kwamba mtoto huyu mji umemla moyo, na kwenye arobaini ya baba yake asiitwe. Wakati huo Mwenyekiti alikuwa na karatasi ya salamu mkononi. Alizisoma. Zilichukua dakika kumi na mbili.

Mwenyekiti alisema jioni ile alikuwa na nia ya kutafuta njia ya kumleta, na neno "anakuja" alilisema kwa nia hiyo. Aliulizwa njia gani. Alisema, akiangalia meza, "Niliona aibu kusema tumemwacha. Mama mtu mzima ananitazama, nitasemaje? Nikasema anakuja."

Mweka Hazina alipendekeza umoja umnunulie Mama Blessing kitenge na kwenda kumpa pole nyumbani kwake. Mama Blessing alisema kitenge anacho.

KUMB. NA. 5/08/2024: KUIELEZA FAMILIA UKWELI

Mwenyekiti alipendekeza iandikwe barua kwenda Mulumo kueleza kuwa Mama Blessing alikwama kutokana na matatizo ya ndege. Mjumbe Rebeka alisema ndege haikuwa na tatizo. Iliazimiwa kwa kura tisa kwamba Mwenyekiti apige simu kwa Bi. Juliana pale pale, sauti ikiwa wazi, aseme mwenyewe. Mwenyekiti alisema mtandao wa kisiwani ni wa shida. Ilipopigwa mara ya kwanza tu, simu iliita.

Mwenyekiti alimwamkia shikamoo, akaitikiwa. Alieleza habari ya mizani. Mwanzoni alisema "ilionekana mmoja abaki". Mjumbe Rebeka aligonga meza kwa kidole. Mwenyekiti alianza upya. Alisema yeye alikuwa na kilo 118 na alipaswa kubaki, hakubaki. Alisema Bernadina alilala kwenye benchi ya uwanjani na kesho yake alizunguka mwaloni tangu alfajiri akitafuta mtumbwi wa kumvusha, hakupata. Alisema yeye Kalisti alidanganya mbele ya ndege, na alinyamaza mbele ya kaburi.

Mjumbe Boaz aliinama kuangalia kama simu imekatika. Kisha Bi. Juliana alisema:

"Nilisema mwanangu hana moyo. Nilisema watu wote wapo, wa kanisani wapo. Haya, sasa hao watu nitawakusanyia wapi niwaambie nilikosea?"

Bi. Juliana aliuliza kama Bernadina yupo hapo. Mama Blessing alinyanyuka, akaichukua simu ya Mwenyekiti mezani, akafunga sauti ya wazi, akatoka nayo nje. Alisikika akisema shikamoo shangazi. Mengine hayakusikika, na wajumbe hawakujaribu kuyasikiliza.

AZIMIO: Mwenyekiti, Mweka Hazina, Mjumbe Boaz na Katibu watakwenda Mulumo kwenye arobaini, Jumanne tarehe 10 Septemba, kwa kivuko, na kusema haya haya mbele ya watu, wakisimama wote wanne. Hakuna salamu zitakazosomwa.

KUMB. NA. 6/08/2024: MENGINEYO

(a) Mwenyekiti aliomba uzito wake usiingizwe kwenye kumbukumbu. Ombi lilikataliwa. Mweka Hazina naye alikuwa ameanza kuomba, akaacha.

(b) Katibu aliomba kujiuzulu. Wajumbe walikataa, wakisema aendelee kuandika. Walisema kuanzia sasa amuulize kila mtu, hata mzee.

(c) Mama Blessing alirudi baada ya dakika ishirini na tano. Alirudisha simu mezani. Mwenyekiti alimwambia, "Mama Blessing, tusamehe." Alisema amesikia. Kisha alimgeukia Katibu, akamwomba aandike neno lake kama lilivyo, bila kulinyoosha:

"Mzee Kalisti anasema nilijitolea. Andika kwamba nilitaka kwenda. Niliposema nitabaki, nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme hapana."

Imeandikwa.

KUMB. NA. 7/08/2024: KUFUNGA

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye la kuongeza. Hakuna aliyekuwa nalo. Kikao kilifungwa saa 11:20 jioni bila sala, kwa kuwa aliyeombwa kusali, Mjumbe Boaz, alisema hawezi.

Zimesomwa na kuthibitishwa kuwa ni sahihi:

Kalisti Bujiku ........................ MWENYEKITI

Eufrasia Mageni ........................ KATIBU