Kaptula Mbele ya Mama Mkwe

Jumamosi, baada ya magharibi

Kosa ni langu, naliandika hapa tu, kisomoni kwa wanawake wenzangu sitalisema. Mimi ndiye niliyemvalisha Yusufu suruali ndefu.

Sasa ningefanyaje? Mama mkwe wake kaja kutoka Kidahwe, kaketi mbele kabisa kwenye uwanja wa kando ya ziwa, na kaptula za tenisi zinaacha mapaja yote nje. Ni mwiko mkwe kuyaona. Mwanangu ana miaka arobaini na mbili, bingwa wa zamani, goti limemnyima kombe miaka sita. Nikasema moyoni, heri ashindwe kuliko atuaibishe.

Basi akaanza kushindwa kweli. Suruali ilimnasa miguuni, kijana wa Tabora akachukua seti ya kwanza. Hata katibu wa chama cha tenisi akaguna, "Mzee huyo mpeni kiti." Nilitamani ardhi...

Mkwe mwenzangu akaniinamia. "Mama Yusufu, nani kamvika mwanao suruali ya msikitini?"

"Ni heshima yako, dada."

"Mwambie avae kaptula. Mimi nitageuka."

Yusufu akaenda kubadili, na mama mkwe wake akageuza kiti, akatazama ziwa mpaka mwisho. Kila mpira ananipiga kiwiko: "Wa nani huo?" Nasema wetu. "Na huo?" Ubavu unaniuma mpaka sasa, na goti la Yusufu limevimba, nimelikanda weee.

Lakini alishinda seti mbili zilizobaki, na kombe la kanda likawa lake. Akaja akichechemea. "Shikamoo, mama."

Yule mama, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma akalipapasa kombe. "Marahaba, baba. Hongera. Sasa kavae suruali nikuone."