Kiporo cha Magreti

Ijumaa, Desemba 26. Dongobesh.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na ukungu bado umekaa juu ya mashamba. Nimevaa sweta mbili. Sina hamu ya kuonana na mtu.

Jana tulikula Krismasi yetu ya kwanza bila mke wangu. Magreti alifariki Agosti. Nimeandika moja kwa moja ili nisiendelee kuzungukazunguka.

Pilau nilipika mwenyewe. Mdogo wangu Esta, aliyetoka Muheza kuja kukaa nasi sikukuu, alichambua mchele huku akinicheka jinsi ninavyokata vitunguu. Nilitaka pilau ya Magreti, ya samli. Yeye alizaliwa Getanuwas kwenye familia ya wafugaji, na kila mwaka baada ya masika alikwenda kwa mama yake akarudi na kopo la samli aliyoichemsha kwa mikono yake. Mimi niliyekulia Muheza kwenye vyakula vya nazi, ilinichukua miaka miwili kuizoea ile harufu. Tangu Agosti nimekuwa nikiichota kwa ncha ya kijiko. Jana nilikwangua kopo mpaka bati likalia.

Sasa imekwisha.

Magreti alikuwa na tabia moja iliyonikera. Siku ya Krismasi alikuwa hali. Alipakulia wageni, watoto wa jirani na mimi, kisha akafunika sahani yake na kuiweka kabatini. Ukimuuliza, alijibu, "Yangu ni ya kesho." Kesho yake asubuhi alikipasha moto kile kiporo, akala jikoni kwenye kigoda, na chai ya maziwa, peke yake. Mimi nilikuwa sebuleni na mkate wangu wa siagi. Nilimtania kwamba mke wa mwalimu hali makombo. Kila mwaka aliniita nije nionje. Krismasi kumi na moja.

Sikuwahi kwenda.

Leo asubuhi Esta alikuwa anasafisha kabati akakuta sahani ya pilau imefunikwa kwa bakuli. Akadhani tumeisahau. Kwetu hakuna friji, na alikuwa tayari anaelekea nayo kwa kuku nilipotoka chumbani. Binti yangu Neema, mwenye miaka tisa, ambaye kumbe ndiye aliyeiweka, akamshika khanga.

"Shangazi, hiyo ni ya mama. Ya mama ni ya kesho."

Esta aliiweka sahani mezani, akaketi, akajifunika uso. Mimi nilitoka uani nikasimama kwenye mvua kama mtu aliyesahau alichofuata. Nakiri nililia, na sikujali kama jirani ananiona.

Shida ni kwamba chakula hakisubiri huzuni ya mtu. Nilitaka kuitunza ile sahani, sijui kwa namna gani. Ndani yake kulikuwa na samli ya mwisho ambayo mikono yake iliichemsha. Nikiila, basi. Nisipoila, kufika jioni itakuwa imechacha, na hiyo nayo ni namna ya kuitupa.

Neema ndiye aliyewasha jiko. Akamimina pilau kwenye sufuria, akanyunyiza maji kidogo kama alivyozoea kumwona mama yake, akafunika. Harufu ilipopanda, niliingia jikoni nikavuta kile kigoda. Ni kifupi, magoti yananifika kidevuni. Tulikula watatu kwa mikono, na chai ya maziwa. Ukoko tulimwachia Neema.

Na hapo ndipo moyo uliponivunjika upya. Kiporo kilikuwa kitamu kuliko pilau ya jana. Viungo vilikuwa vimetulia, samli imeingia mpaka ndani ya punje, nyama imelainika. Miaka yote hiyo nilidhani anajinyima. Kumbe alikuwa anajiwekea kilicho bora, na kila mwaka alikuwa ananiita tukile pamoja.

Nilitamani kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Nilitazama mlangoni kabisa, kana kwamba ataingia na kuni.

Kopo nimelirudisha kabatini bila kuliosha. Shule haijafunguliwa, kwa hiyo wiki ijayo nitampeleka Neema Getanuwas kwa bibi yake, akajifunze kuchemsha samli. Nitakaa naye hapohapo jikoni, hata wakinicheka.

Nimekuja jikoni, mama Neema. Nisamehe nimechelewa.