Upande wa Dirishani

Baba Tumaini,

Padri alisema kaburini kwamba umekwenda juu, na watu wote wakaitikia amina. Mimi nilikaza midomo. Nilijua unakwenda kwa nani. Tangu tuhamie kijijini Yakobi nimeishi na wake wenza wasiohesabika, hao nyota zako, wanaojitokeza jua likizama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukusongea ugali.

Makambako ulikuwa wangu. Chumba chetu cha kupanga kilikuwa nyuma ya maegesho ya malori, na taa za nyumba za wageni ziliwaka mpaka asubuhi, nyota hazionekani. Ukifunga karakana, unakuja moja kwa moja kwangu. Halafu tukapata kiwanja huku kwenye giza, na jioni ya kwanza tu ukatoka nje na blanketi langu mabegani. Nikajua nimekwisha.

"Ona Kilimia kile, lile kundi la nyota, Mama Tumaini," ulikuwa ukisema, ukinyoosha penseli ya useremala uliyoichomoa sikioni. "Sisi ni wadogo sana. Mtu akiwa kule, haioni hata Makambako." Nami nakujibu kutoka mlangoni, "Basi rudi ndani, mdogo mwenzako anaganda." Ulicheka, ila hukurudi upesi. Mimi hukuwahi kunitazama hivyo, mdomo wazi, chai ikipoa mkononi. Niliona wivu. Bado ninao.

Na lile dirisha. Kuta zilipokuwa zinapanda ulitandika mkeka kwenye kifusi, ukaniambia nilale nisitikisike. Ukapiga magoti kando yangu, ukafumba jicho moja, ukaweka alama kwenye matofali. Nilidhani unapima kitanda. Likaja kuwa dirisha kubwa la kioo, halina hata nondo, upande wangu wa kulala. Baridi yote ya Njombe ikapitia kwangu. Nikasema umenipa upande mbaya ili wenzangu wapate pa kuchungulia. Nikachukua misumari yako, nikaligongomea blanketi zito. Wewe ukaendelea tu kwenda kuwatazama nje.

Kwenye msiba wako wageni wa Makambako walikuwa wengi, mablanketi hayakutosha. Dada yako alilibandua lile la dirishani akamfunika mama yenu. Walipoondoka sikuwa na nguvu ya kulirudisha.

Nililala upande wako, kwa ajili ya harufu ya mbao iliyobaki kwenye mto. Nikaamka kabla hakujapambazuka. Kutoka upande wako niliona miti ya misindano ya jirani tu, imesimama myeusi. Nikalia, nikajiviringisha mpaka mahali pangu, nikainua macho. Wote walikuwa pale. Kilimia, na Zuhura chini yake, katikati kabisa ya kioo, usawa wa macho ya mtu aliyelala pale nilipolala mimi. Hukuwa unapima kitanda.

Kwa nini hukusema? Ungesema tu, mke wangu, hili ni lako. Fundi wa maneno mengi kwa wateja, kwangu ukanyamaza. Ulisema sisi ni wadogo sana. Mbona katika ukubwa wote ule ulikumbuka kichwa changu kitalala wapi?

Usifikiri nimewasamehe. Wao wako na wewe sasa, mimi niko na mto. Tumaini anasema nikilala hivi nitapata nimonia, anataka kulifunika dirisha. Nimemkatalia. Blanketi halitarudi pale, nakuahidi. Nitavaa masweta mawili, nilale hapo uliponipimia, niwakodolee macho mpaka wajue kuwa una mwenyewe.

Kwaheri, mume wangu. Niwekee nafasi. Na nikija, upande wa dirishani ni wangu.

Mkeo,
Mama Tumaini