Wimbo Uliolala Katikati

Kasanda, ndugu yangu wa mti mmoja,

Nakuandikia nimekaa juu ya kisiki cha gogo lililokuua. Nimelisema mapema nisije nikazunguka. Kisiki kinachipua majani.

Hapa Rumonge meli ya Wadachi ina njaa ileile. Tunakata kuni, tunavuta magogo hadi ufukweni, tunapasua, inakuja, inakula, inaondoka. Nyapara amepata fimbo mpya. Mama Zaina, yule mkamuaji wa mawese, alikuwekea sahani yako siku arobaini, kisha akampa mtu mwingine. Sikumlaumu. Kifua changu kimeanza kukohoa.

Sababu ya barua hii ni wimbo. Juzi asubuhi wavuvi wa Magara walikuwa wanapandisha mtumbwi mchangani, nikawasikia:

Aliyebeba atatua.
Wapi?
Mlangoni kwa mama.

Niliwafuata hadi pale mchangani. Wimbo wetu, Kasanda! Tuliujua Unyanyembe tungali wavulana, tulipokuwa tunabebeshwa vipande vya magogo ili mabega yazoee kabla hatujapewa pembe ya ndovu ya kweli. Wewe ulikuwa ukijibu "Wapi?" kwa sauti ya mbuzi, hadi kirangozi, mwongoza njia wa msafara, akageuka na kusema, "Ninyi watoto, mnadhani njia inachekeshwa?" Tukacheka zaidi.

Miaka yote ya safari tulibeba mti mmoja, mzigo ukining'inia katikati, wewe mbele, mimi nyuma. Kisogo chako nakijua kuliko uso wako. Ukishauliza "Wapi?" tulinyamaza hatua mbili, tukahamisha mti kutoka bega hili kwenda lile, ndipo tukamalizia. Kimya kile kilikuwa mapumziko yetu. Kisha reli ikafika Tabora, watu wa mabega tukakosa kazi, tukaja ziwani kukata kuni. Mwaka mmoja tu, tulisema.

Sasa nasema kosa langu, maana hapa sijamwambia mtu.

Siku ile moshi wa meli ulikuwa umeshaonekana na nyapara anapiga kelele. Gogo lilikuwa limefika kwenye tuta, wewe uko nyuma yake na kabari. Mimi ndiye niliyeongoza wimbo. Ukaniita, "Shija, tupe ule wa nyumbani, hizi za makasia zimenichosha!" Nikakupa. Nilijua kwamba nusu ya wale watu ni wapiga makasia wa Muhuta na Magara. Wao huvuta sauti ya kwanza inapotoka. Sisi wa msafara huvuta mwishoni, baada ya kimya. Ilinipasa nisimamishe kazi niwafundishe, hata mara mbili tu. Nilimwogopa nyapara. Tena, niseme kweli, nilitamani kusikia sauti yako ikijibu. Wao walivuta, sisi tumenyamaza. Sisi tulivuta, wao wamelegeza. Gogo likarudi.

Ulikuwa umeshauliza "Wapi?"

Na baada ya hapo nilimtuma mpagazi aliyekuwa anarudi kwetu amwambie mama yako kwamba ni homa. Homa, Kasanda. Mama aliyenipa uji kwenye kibuyu chako wewe ukingoja nimalize.

Bukuru, yule mrefu wa Magara aliyekuwa anakutania kwamba Mnyamwezi anaogopa maji kama paka, aliniona nimesimama pale mchangani. Akaita, "Weye Shija, kuya utuongoze! Wimbo yenu iko muzuri, lakini ilikuwa inalala katikati. Sisi tumeiamusha!" Wenzake wakacheka. Hakuwa na ubaya. Na kweli wameuamsha. "Wapi?" na jibu lake sasa vinafuatana, hakuna kimya, na mtumbwi unapanda bila mtu kuumia. Kumbe ilikuwa kazi ndogo hivyo.

Niliondoka bila kuongoza.

Tangu juzi nafikiri maana yake. Ujanani nilidhani ni wimbo wa kufika. Sasa naona waliotunga walijua kwamba wengi hawafiki, ndiyo maana mtu anauliza, na ndiyo maana wenzake wananyamaza kwanza. Wewe umetua kwenye udongo wa watu, na aliyekuosha hakulijua hata jina la baba yako, nilimtajia mimi. Mimi bado nimebeba. Natafuta bega la pili la kuhamishia, silioni.

Nakuahidi jambo moja. Mvua zikikatika nitakwenda kwa mama yako, kwa miguu, kwa njia yetu ya zamani. Nitasimama mlangoni pake nimwambie haikuwa homa, ilikuwa mimi. Sidhani atanisamehe, na sijui kama kifua hiki kitanifikisha. Nimeanza kujizoeza maneno hayo nikiwa peke yangu na shoka. Nikifika penye "ilikuwa mimi" nanyamaza, hatua mbili, kisha siwezi kumalizia. Mlangoni pale nitamalizia.

Lala, ndugu yangu. Mti wetu ninao. Nitashika upande wa mbele, ule wako. Huu wangu wa nyuma utaburutika chini.

Shija