Barakoa ya Mkimbiaji wa Kwanza

Jumamosi, 11 Januari

Mazoezi tena. Nimekimbia kona zote, kama kawaida. Kocha Nasser akiuliza nani anakimbia wa kwanza leo, wenzangu wote wanakumbuka kufunga kamba za viatu.

Nikiitazama vizuri, hii ni kazi ya kichaa. Katika mpira wa magongo, timu ikipewa kona ya adhabu, mpigaji wao anasimama ukingoni mwa duara la mbele ya goli na kuufyatua mpira golini. Sisi walinzi tunangoja nyuma ya mstari wa goli. Mpira ukisukumwa tu, mmoja wetu anachomoka mbio mpaka kwa mpigaji. Anaziba njia kwa gongo, kwa goti, kwa chochote alichozaliwa nacho. Mpira wenyewe ni mgumu kama jiwe, na kinga ya uso ni barakoa ya plastiki yenye waya mbele. Huyo kichaa ni mimi.

Deo hakimbii. Deo anapiga. Ana shuti, ana pasi, ana macho kisogoni. Mimi nina miguu na ukaidi. Sisi ndio wageni wawili wa kikosi cha akiba, wote mabeki, yeye wa Moshi, mimi wa Bungoma. Kikosi cha kwanza kina nafasi ya mgeni mmoja tu. Na tunalala chumba kimoja hapa Ruwi, Omani, vitanda vinatazamana.

Goti linauma. La kawaida.

Jumatatu, 13 Januari

Kazini Wattaya. Nimeosha magari mapya ambayo hayajawahi kuchafuka. Vumbi tu la barabarani, na mwenye duka anataka yang'ae mpaka mteja ajione meno.

Saa ya chai, msimamizi wetu ametuita. Mhindi mpole, tunamwita Babu. Mikataba ya waoshaji inaisha mwisho wa mwezi na haitaendelezwa. Inakuja mashine. Alisema huku akiangalia viatu vyake.

Kwa hiyo ni hivi. Bila kazi sina kibali cha kuishi hapa. Bila kibali narudi nyumbani. Klabu ikinisajili, inakihamisha kibali changu kwake na ninacheza magongo kama kazi, kitu nilichokitaka tangu nikiwa darasa la sita. Nina miaka ishirini na tisa. Hakuna klabu nyingine itakayoniita.

Nimeogopa.

Jioni Mama amepiga simu kuuliza habari za majaribio. Nikamwambia nimesajiliwa. Ulimi ulitangulia, mimi nikabaki nyuma. Alipiga vigelegele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

Jumatano, 15 Januari

Kocha ametukusanya baada ya mazoezi. Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe ishirini na tano, tunacheza na akiba ya klabu jirani. Mkuu wa kikosi cha kwanza atakuja kutazama. Baada ya mechi watataja jina. Alisema jina, hakusema majina.

Tulirudi kwa miguu, mimi na Deo. Tukanunua porota, chapati ya hapa, na yai. Deo aligawa yai, kipande kikubwa akanisukumia mimi. Hilo liliniudhi kuliko kama angekula lote.

Alhamisi, 16 Januari

Mambo yameharibika.

Nilimwomba Deo abaki anipigie kona, sisi wawili tu. Alisema amechoka. Nikamchokoza, nikamwambia anaogopa nitayasoma mashuti yake. Akabaki. Mpira wa nne au wa tano ulinipata kwenye mkono wa kushoto, juu ya gongo. Niliusikia mlio kabla ya maumivu.

Nilivua glavu nyuma ya goli. Kidole cha mwisho na cha pete. Sitaki hata kuandika vilivyokuwa.

Deo aliketi kwenye nyasi bandia akashika kichwa kwa mikono miwili. Akasema, "Kaka, twende hospitali sasa hivi." Nikamwambia hospitali itaandika, karatasi itafika kwa Kocha, na Kocha atanitoa. Siku tisa tu. Glavu inafunika. "Ukisema, mimi na wewe basi." Aliapa kwa jina la mama yake. Hakutaka kuapa, nilimlazimisha.

Amenifunga vidole viwili pamoja kwa plasta. Anafunga vizuri, polepole, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Nilikuwa namchungulia usoni kama kuna furaha yoyote. Haikuwepo. Nimejichukia kwa kuitafuta.

Ijumaa, 17 Januari

Deo ametafuta lifti mpaka Qantab. Anasema bibi yake alitibu kila kitu kwa maji ya chumvi. Huko kwao Moshi bahari iko wapi, nikamuuliza. Akasema bibi alikuwa akichanganya mwenyewe kwenye sufuria.

Nilikaa na mkono ndani ya maji kama mtu anayefua nguo isiyoonekana. Familia zilikuwa zinachoma nyama, watoto wananitazama. Nilicheka, mara ya kwanza wiki hii. Halafu wimbi likagonga vidole nikaona nyota mchana.

Havijapungua uvimbe hata kidogo.

Jumapili, 19 Januari

Kazini nimeangusha bomba la maji mara nyingi hadi Babu akasimama kunitazama. Nikajikaza kisabuni. Kwa kazi yangu huo si msemo tu.

Mazoezini nimegundua jambo baya. Kwa mikono miwili nashika gongo. Maumivu ni yale yale lakini gongo linakaa. Nikiachia wa kulia, wa kushoto hauwezi peke yake, gongo linaanguka. Na mchezo huu mkono wa kushoto ndio unaobeba.

Shida nyingine ni barakoa. Baada ya kona lazima ivuliwe. Watu huivua kwa mkono wa kulia huku wanakimbia, wa kushoto umeshika gongo. Mimi leo kila mara nilisogea karibu na mlingoti wa goli, nikabana gongo kwa magoti, nikavua kwa utulivu kama bwana anayevua kofia kanisani. Hakuna aliyeuliza. Deo aliona. Akageuka.

Mama amenitumia ujumbe wa sauti. Amelitangazia kanisa. Wameshukuru, wameimba, mchungaji amelitaja jina langu. Nimesikiliza mara moja nikaufuta.

Jumatano, 22 Januari

Kocha Nasser ameniita pembeni. Ni Mwomani aliyelelewa na bibi wa Unguja, Kiswahili chake kitamu mpaka unasahau anakufokea. Leo hakufoka.

"Wafula, nnakuona unavokimbia. Wenzio wanakimbia waonekane. Wewe wakimbia upate mpira. Mkono wako mzima?"

Nikasema, "Mzima, Kocha."

"Una hakika?"

"Kabisa, Kocha."

"Alhamdulillahi. Haya, yalla, kanywe maji."

Nilikunywa maji mpaka tumbo likajaa, nisipate nafasi ya kusema kitu kingine.

Ijumaa, 24 Januari

Kesho.

Asubuhi niliomba. Niliomba Deo aamke na homa. Siyo kubwa, ya siku moja tu. Niliomba hivyo kabisa, kwa maneno, kwa Mungu yule yule wa Mama.

Nilipofungua macho alikuwa mlangoni na vikombe viwili vya karak, chai ya maziwa ya hapa.

Nimekuwa mtu wa aina gani?

Jumamosi, 25 Januari

Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto uko kwenye plasta ngumu. Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Nilicheza vizuri. Hilo liwekwe kwanza. Wapinzani walipata kona nyingi na nilikimbia zote. Moja nilizuia kwa gongo, moja kwa paja. Mkuu wa kikosi cha kwanza alikuwa amekaa peke yake upande wa kivuli, na kwenye ile ya paja alisimama. Nilimwona. Tulikuwa sare, bao moja kwa moja, muda unaisha, wakapata kona nyingine.

Nikachomoka. Mpigaji alichelewa kidogo na mpira ukakutana na gongo langu. Ukadunda, ukatulia mbele yangu. Walikuwa wamepanda wote. Mbele kulikuwa wazi, nyasi tupu zenye maji, na Deo anakimbia kulia.

Nikaenda nao.

Sheria naijua. Mtoto wa shule anaijua. Ndani ya robo yako ya uwanja unaweza kucheza na barakoa usoni baada ya kona, lakini ukivuka na mpira mstari wa mita ishirini na tatu, lazima uwe umeivua. Kuivua kunataka mkono. Mkono wa kulia nikiuachia, gongo linaanguka. Ningeweza kusimama nikapoteza mpira. Ningeweza kuutoa nje, tukaishia sare, na labda paja langu lingetosha. Deo alikuwa akipiga kelele, "Vua, kaka! Vua barakoa!" Nilimsikia vizuri sana.

Nilivuka nayo.

Nilidhani refa hataona. Hapana, sikudhani. Nilitaka tu, kwa nguvu zangu zote. Nikampa Deo pasi, akapiga, wavu ukatikisika. Bao zuri kuliko yote aliyowahi kufunga hapa. Halafu kipenga. Refa alikuwa anajigonga uso kwa kiganja, akionyesha barakoa, akionyesha mstari.

Bao likafutwa. La Deo, siyo langu. Alisimama huku mikono bado iko juu.

Ndipo nilipojaribu kuivua. Gongo likaanguka chini mbele ya watu wote, nikabaki nahangaika na mkanda kwa mkono mmoja kama mtu aliyenaswa na fulana. Kocha Nasser alikuja mpaka katikati ya uwanja. Alinifungua mkanda yeye mwenyewe. Akaniangalia.

"Vua glavu."

Aliivuta taratibu.

"Tangu lini?"

"Wiki iliyopita, Kocha."

"Nlikuuliza."

"Ndiyo, Kocha."

Akanirudishia glavu. "Ungelinambia, ningelikungoja."

Akaenda kwa wachezaji wake.

Deo alinipeleka hospitali na jezi ikiwa bado imelowa. Mifupa miwili. Daktari aliuliza nilianguka wapi, Deo akajibu kabla yangu kwamba ni yeye aliyenivunja. Daktari hakujua aandike nini.

Jumapili, 26 Januari

Wamemtaja Deo.

Alikuja na jezi mpya kwenye mfuko wa plastiki, akauficha chini ya kitanda, kana kwamba chumba hiki kina mahali pa kuficha kitu. Nilimpongeza. Nikageukia ukuta.

Jumanne, 28 Januari

Hasira.

Angeningoja! Nani humngoja mwosha magari wa miaka ishirini na tisa, mwenye vidole vilivyovunjika? Ni maneno mazuri ya kumwambia mtu ukishamwacha. Nimeosha milango kwa mkono mmoja nikimjibu Kocha siku nzima. Babu alidhani naimba.

Jioni nimekumbuka alivyouliza mara mbili. Mzima? Una hakika? Alikuwa anajua. Alikuwa ananipa mlango.

Afadhali ningeendelea kutomwamini. Nimelia bafuni, maji yakiwa wazi ili Deo asisikie.

Alhamisi, 30 Januari

Siku ya mwisho Wattaya. Babu amenipa mkono, kisha akaniambia nichukue chochote kwenye kabati la mazulia ya magari. Nimechukua kipande cha mkanda wa kunata, ule unaobanduka kwa kuvutwa.

Nimempigia Mama. Nimemwambia yote. Sijasajiliwa, sikuwahi kusajiliwa, nimevunjika mkono, nakuja Jumapili. Aliuliza jambo moja tu.

"Mkono gani?"

"Wa kushoto, Mama."

"Basi wa kulia mzima. Kuku watajengewa banda."

Nikamuuliza kuhusu kanisa. Akasema kanisa amwachie yeye.

Deo hali chakula vizuri. Nimemuuliza ana nini. Kumbe Kocha amemwambia kule juu, kikosi cha kwanza, hakuna anayetaka kukimbia wa kwanza, na mgeni mpya ndiye atakayekimbia. Deo, ambaye maisha yake yote amekuwa mtu wa kupiga. Anaogopa ule mpira kuliko mimi, maana anajua unavyotoka. Barakoa za klabu zinamcheza usoni. Alizungukazunguka maneno, mwishowe akaomba yangu.

Nilisema hapana. Nilisema ni kitu pekee ninachorudi nacho. Hakuomba tena.

Ijumaa, 31 Januari

Asubuhi Deo alikwenda misa, hapa huwa Ijumaa. Niliosha barakoa kwa sabuni ya magari, ikang'aa. Nikakata mkanda wa zamani, ule wa kifungo. Nikashona wa kunata, sindano mkono wa kulia, plasta ngumu ikikandamiza kitambaa mezani. Ilichukua muda mrefu. Nyuzi zimekwenda upande lakini zimeshika.

Aliporudi nilimvisha. Nikampa gongo mkono wa kushoto. Tukasogeza vitanda ukutani tupate nafasi. Nikamwonyesha: unachomoka, unashuka chini, mpira ukishakuwa wako, mkono wa kulia nyuma ya sikio, unavuta. Usingoje mstari.

Alichomoka kutoka mlangoni hadi dirishani, akavuta. Ikatoka mara moja, ikanidondokea miguuni. Alisimama pale na gongo mkononi, nywele zimelala, akitaka kusema kitu.

Nikaiokota. Nikamwambia arudi mlangoni, afanye tena.