Maelezo ya Bi Mashavu Kuhusu Mlio wa Pikipiki ya Mwanawe

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Mjini Unguja

Jina: Mashavu Shaame Ubwa
Umri: Miaka 58
Kazi: Mshonaji wa kofia za mkono
Makaazi: Kiponda, Mji Mkongwe
Tarehe: 19 Machi 2025, saa tisa alasiri

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa niseme kweli tupu, na nimekubali. Nilitoka nyumbani nikiwa shahidi wa mwanangu, Mudrik Yussuf, aliyemshitaki fundi Usi Makungu kwa kumuibia pistoni ya pikipiki. Nimefika hapa nikiwa shahidi wa Usi. Koplo Nadra Ayoub ameniruhusu nieleze ilivyokuwa, ila kwa ufupi. Nimemwambia nitajaribu.

Mudrik ni kitinda mimba wangu. Anafanya kazi jikoni katika hoteli moja Kendwa, na kila siku huenda na kurudi kwa vespa yake ya zamani. Vespa hiyo ina vifuniko viwili vya chuma upande wa nyuma. Chini ya kifuniko cha kulia ndiko iliko injini, na chini ya kile cha kushoto kuna gurudumu la akiba.

Usi na mkewe, Radhiya, walikuwa jirani zetu Kiponda kabla ya kuhamia Amani, ambako Usi amefungua gereji mbele ya nyumba yake. Mimi na Radhiya tunapelekeana futari tangu Mudrik hajazaliwa. Kwetu ni aibu kurudisha chombo cha mwenzio kitupu, na ni aibu zaidi kuulizia chombo chako. Tangu wahame, vyombo vyetu vinasafiri kwenye kikapu cha mbele cha vespa. Afande ameniuliza haya yanahusiana nini na pistoni. Nimemuomba astahamili kidogo.

Mnamo tarehe 13 Machi, siku ya Alkhamisi, Mudrik aliipeleka vespa kwa Usi kufanyiwa servis. Nilimpa bakuli langu la bati lenye maua ya buluu, limejaa kaimati, ampelekee Radhiya. Alirudi kabla ya magharibi, kikapu hakipo. Alisema chuma chake kimekatika na Usi amekibakisha akichomelee. Bakuli nalo sikuliona. Sikuuliza.

Siku hiyohiyo ndipo mlio ulipoanza. Vespa ikiwa inakwenda ilikuwa inalia chaka-chaka-chaka, halafu tik. Ukiongeza mafuta, na mlio unaongezeka. Kesho yake jioni wanaume wa barazani petu wakaizunguka kuisikiliza. Bwana Junaid, muuza vitambaa, alisema ni pistoni. Mwengine akasema ni beringi. Wa tatu akasema klachi, kisha akaulizwa klachi iko wapi, akaonesha taa. Watu wamefunga, wanasubiri adhana, hawana kazi nyingine.

Mudrik akaipeleka kwa fundi mwengine, simjui jina. Fundi huyo alifungua upande wa injini asione kitu. Badala ya kusema hajui, akasema, "Huyo aliyekufanyia servis pengine kakubadilishia kitu." Mwanangu akalishika neno hilo kama kaliona kwa macho yake. Alimrudia Usi. Usi akaifungua injini mbele yake, akamwambia nzima, na wakaachana kwa maneno. Mnamo tarehe 17 Machi Mudrik akaja kushitaki hapa.

Nami sikumzuia. Siku zote hizo nilikuwa na hasira zangu za bakuli. Nilisema moyoni, mke anakaa na bakuli la watu, mume atashindwaje kukaa na pistoni? Sasa nikilikumbuka naona haya, lakini nimeapa kusema kweli.

Leo, mnamo saa nane mchana, tulitoka nyumbani kuja hapa. Nilipanda nyuma nimekaa upande, kama ninavyokaa siku zote, miguu yangu ikining'inia kushoto. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuipanda vespa hiyo tangu ianze kulia. Tulipofika Darajani ikaingia kwenye shimo, na ile tik ikalia chini ya kisigino changu hasa. Nikashituka. Mlio ule ninaujua.

Kifuniko cha bakuli langu kilivunjika kishikio miaka mingi iliyopita, na marehemu mume wangu akakitia skrubu na kizibo cha soda. Tangu hapo ukikitikisa kinalia tik. Nimekisikia jikoni kwangu asubuhi na jioni. Nikakibana kisigino kwenye kifuniko cha vespa cha kushoto, mlio ukapungua. Nikakiachia, ukarudi. Nikabana tena. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka Mudrik akadhani ninaanguka.

Akaniuliza, "Mama, kuna nini?"

Nikamwambia, "Endesha. Nshajua kinacholia."

"Pistoni?"

"Endesha, mwanangu. Utaiona hiyo pistoni yako."

Tulipoingia uwanjani hapa kituoni nilimuona Usi kwenye benchi, mikono magotini. Sijapata kuiona mikono ya mtu yule haina spana. Nilijua polisi wameifunga gereji yake tangu asubuhi na vespa za watu zimo ndani, na Sikukuu hiyo inakuja. Fundi akishaitwa mwizi, nani atamuachia tena chombo chake? Na bado aliinuka akanisalimia, "Bi Mashavu, funga vipi?" Nikamjibu nzima, lakini nilishindwa kumtazama usoni. Roho iliniuma.

Nikamuomba Koplo Nadra atoke nje ashuhudie. Nikamwambia Mudrik afungue upande wa kushoto. Akasema, "Mama, huko hakuna injini." Nikamwambia fungua. Akafungua. Bakuli langu lilikuwa limekaa katikati ya gurudumu la akiba, limefungwa kipande cha khanga ya Radhiya kilichokwishalegea. Ndani mlikuwa na ubuyu mwekundu, nusu ya bakuli, wenye pilipili kama ninavyoupenda.

Mudrik alikiegemeza kifuniko cha vespa ukutani. Bakuli likawekwa chini. Akaipiga vespa teke, ikawaka, ikanguruma vizuri kabisa. Chaka-chaka hakuna. Tik hakuna. Askari wawili waliokuwa mlangoni walicheka, na mmoja akalazimika kuingia ndani.

Usi akasema, "Nlimwambia injini nzima. Sikujua tu kama imefungua duka la ubuyu."

Koplo Nadra akampigia Radhiya simu, sote tukisikia. Radhiya alisema, "Mudrik alikwenda msikitini kusali Alasiri, na kikapu kilikuwa kishatolewa. Nkalitia bakuli pale penye gurudumu, nkafunika, nkasema ataliona tu. Kwani Bi Mashavu hajalipata? Wiki nzima kimya! Nlidhani ubuyu wangu haukumpendeza." Kumbe na yeye alikuwa ananinunia. Nikamwambia kwenye simu, "Radhiya, ubuyu wako umekwenda Kendwa na kurudi siku sita, hata haujachoka." Tukacheka hadi salio la afande likakaribia kwisha.

Mudrik alimuendea Usi, akaushika mkono wake akaubusu. Alisema, "Ami Usi, niwie radhi. Nimekukosea." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, nami sikumfichia afande kwamba yangu pia. Usi akamjibu, "Nshakusamehe. Kikapu chako tayari, nshakichomelea. Kifuate, ili watu wasitiliane futari kwenye magurudumu."

Sina tena ninalomshuku Usi Makungu. Mwanangu amesema mbele ya afande kwamba anayafuta mashitaka yake. Ninaomba gereji ifunguliwe leo hii. Ninaomba pia nirudishiwe bakuli langu, kwa sababu magharibi linatakiwa Amani, na kitu ndani yake.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na zaidi ndiyo niliyoyasikia. Nimesomewa yote na nimeyakubali, isipokuwa afande aliandika kwamba nilicheka "kidogo". Nimemuomba alifute neno hilo.

Sahihi ya shahidi: Mashavu Shaame

MAELEZO YA ASKARI

Nimeyaandika maelezo haya mimi, Koplo Nadra Ayoub, na kumsomea shahidi. Neno "kidogo" limefutwa. Mlalamikaji amefuta mashitaka kwa maandishi. Fundi Usi Makungu ameruhusiwa kuondoka na ufunguo wa gereji yake.

Ubuyu umebaki kituoni kama kielelezo hadi jalada lifungwe, na askari wa zamu wameonywa. Bakuli limepigwa picha, kisha shahidi akapewa. Alilitazama ndani, akakataa kulipokea likiwa tupu, na akakaa kwenye benchi.

Saa kumi na nusu bakuli lilitiwa tende zilizokuwa za futari ya zamu ya jioni. Shahidi amelipokea na kuondoka. Alipanda nyuma ya vespa, bakuli mapajani.