Mwacheni Wanjiru kwa Mwalimu Wake

Gatongora, Ruiru

Mama Kamau wangu,

Hujambo huko Naro Moru? Baridi imekuachia magoti, au bado mnagombana? Mimi hapa kwa kijana wetu sijambo. Wananilisha vizuri, ila chai yao imeonyeshwa maziwa kwa mbali tu.

Sasa nisikilize kabla hujapiga simu. Umemwambia Kamau amhamishe mjukuu wetu Wanjiru shule, eti mwalimu anafundisha watoto kubishana na wazee. Najua bado inakuuma vile alikuuliza, mbele ya akina mama wa kanisa, kama nyoka ana masikio ya kusikia mluzi, ulipomkataza kupiga mluzi usiku asije akaita nyoka. Hata mimi nilimwendea huyo mwalimu na maneno makali. Kumbe ni msichana mdogo tu, Mwalimu Mueni. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akaniita babu kama wajukuu wanavyoniita, "Guka, nisaidie. Ingia darasani uwadanganye."

Mimi! Sijawahi kupewa kazi inayonifaa hivyo.

Nikawaambia mananasi ya Thika huota juu ya miti mirefu, na nikiwa kijana nilikuwa napanda kuyachuma. Wote wakaandika. Mmoja akauliza tu kama niliwahi kuanguka. Mwalimu akainamisha macho, nikamhurumia.

Ndipo Wanjiru akainua mkono. "Guka, tukienda Naro Moru kwa bibi, kwa cucu, nilichungulia dirishani pale Thika. Mananasi yalikuwa chini. Wewe ulikuwa umelala, unakoroma."

Darasa likacheka.

"Lakini yeye ni mzee!" mmoja akasema.

"Mzee aliyelala!" mwingine akajibu.

Nikataka kukiri, mwalimu akanizuia kwa mkono. "Usiwaambie. Haya watoto, tutajuaje?"

Wakapigana na hilo swali mpaka kengele. Wengine walitaka kumuuliza muuza mananasi sokoni, wengine kupanda kichwa cha nanasi kwa mkebe waone. Hakuwapa jibu, Mama Kamau. Aliwangoja, kama wewe na githeri yako ya mahindi na maharagwe: moto unauchochea, lakini sufuria hufunui kila saa.

Jioni mtoto hakugusa chakula. "Guka, umekasirika?"

"Hapo kwa kukoroma tu," nikamwambia.

Akaniangukia kifuani akalia. Masikini, alikuwa ameibeba hofu hiyo siku nzima. Ananiheshimu, ananiogopa, na bado alisema alichoona. Ukimhamisha sasa, atajua kosa lake lilikuwa kuona.

Kamau anangoja neno lako. Mwambie amwache hapo.

Nisalimie dada yangu Nyokabi, msusi wa vikapu, na shemeji mwenye kisiagi cha kusaga unga, na mchungaji pia, mwambie naomba nikikumbuka.

Na usisahau huyo mtoto amebeba jina lako. Tangu nikuoe, nikifungua mdomo tu unaniuliza, "Nani amekuambia?" Na hakuna mtu amewahi kukuhamisha.

Mimi mzee wako,
Baba Kamau